CT kabla ya upasuaji wa saratani ya ovari: ripoti inatakiwa iseme nini

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kwa nini mama ameandikiwa CT (picha za mionzi za ndani ya mwili) wakati altrasaundi imeshaonyesha uvimbe kwenye ovari na maji tumboni. Altrasaundi imesema uvimbe upo na unatia shaka. CT inamwonyesha mpasuaji saratani imefika wapi na kama ataweza kuitoa yote, kwa sababu anayefaidika zaidi na upasuaji huu ni yule asiyebakiwa na uvimbe wowote unaoonekana kwa macho.

Ipigwe kifua, tumbo na nyonga kwa pamoja, kwa dawa ya kontrasti (ya kung'arisha picha) ya mshipani, picha zichukuliwe kama sekunde 70 baada ya dawa kuingia. Kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, ipimwe kabla. Ikipigwa bila kontrasti, vinundu vya kwenye utando wa tumbo havitofautiki na maji wala matumbo, na mtalipia mara ya pili.

Ripoti ya "uvimbe na maji" tu haitoshi. Cha kwanza kutajwa ni mzizi wa mesenteri, pale utumbo mwembamba unaposhikamana na ukuta wa nyuma wa tumbo. Pakiwa pamekunjamana na kuvutwa, mara nyingi upasuaji wa moja kwa moja hauwezekani, maana mishipa inayolisha karibu utumbo mwembamba wote inapita hapo. Halafu lango la ini (mishipa inapoingilia), chini ya diaframu (msuli wa kupumulia kati ya kifua na tumbo), bandama, na tezi za limfu zilizo juu ya mishipa ya figo. Kwenye ini neno moja linabadilisha mambo: vinundu vya juu ya ganda lake ni hatua ya 3, vya ndani ya nyama yake ni ya 4. Figo ikiwa imevimba, mrija wa mkojo umebanwa. Rektamu (mwisho wa utumbo mpana) ikiguswa, mpasuaji wa utumbo awepo, na mama aelezwe mapema kwamba huenda akawekewa njia ya choo tumboni.

Lakini CT kutokuona si ushahidi kwamba hakuna. Vinundu vya chini ya sentimita 1, hasa juu ya utumbo mwembamba, huipita kwa urahisi. Palipo na shaka, laparoskopia (kamera inayoingizwa tumboni kwa tundu dogo) huamua. Ikionekana saratani haitatoka yote, kwa kawaida huanza kemo ya carboplatin na paclitaxel, mizunguko 3 kila baada ya wiki 3, kisha CT irudiwe kwa utaratibu uleule ili picha zilinganishwe.

Uvimbe ulio kwenye ovari peke yake usichomwe sindano kuchukua kinyama cha kupima; ukipasuka unamwaga seli tumboni. Kama umesambaa, kinyama kichukuliwe kwenye pazia la mafuta lililo mbele ya utumbo, tena kabla ya kemo. TB ya tumbo nayo huleta maji, hunenepesha pazia hilo na kupandisha CA-125 (kipimo cha damu kinachotumika kwa saratani ya ovari), na kwenye CT hufanana mno na saratani. Ombeni kinyama hicho kipimwe pia kwa GeneXpert, kipimo cha kutafuta vijidudu vya TB.