Kondomu kwenye begi la mjukuu wangu

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Huku Ujiji hatujambo, mvua zimeanza na dagaa wamepanda bei. Ujumbe wako nimeupata: mkeo alikuwa anafua begi la kijana, akakuta kondomu mbili mfukoni, nawe unaniuliza, "Mama, nimchape, nimhamishe shule, au ninyamaze?" Kwenye simu tungeishia kubishana, ndiyo maana nakuandikia.

Usimchape. Ukimchapa atajifunza kuficha vizuri zaidi, basi. Nimefanya kazi zahanati ya huku ziwani mpaka nikastaafu, na vijana waliofika wakiwa wamechelewa sikuona hata mmoja aliyekosa woga. Walikuwa nao tele. Kijana anaanza kusikia moto akikojoa, usaha unamtoka, na anajua baba akisikia nyumba haitakalika. Anauliza wenzake, ananunua vidonge vichache vya rangi mbili duka la dawa, anameza siku mbili, usaha unakata, anamshukuru Mungu. Haupiti muda unarudi. Akifika kwangu anasema ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Wote walikuwa na UTI, baba, hata yule aliyekuja na kidonda! Gono ya kutibiwa nusu nusu haiponi, vijidudu vinazoea dawa, na msichana wake hata hajaambiwa kwamba naye anatakiwa kutibiwa.

Unaogopa kwamba ukimweleza utakuwa umemruhusu. Hofu hiyo naijua, wazazi wengi wanayo. Lakini tafiti nyingi zilizopitiwa na UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wao wa 2018 zilionyesha kuwa elimu ya ujinsia haiwaharakishi vijana kuanza ngono. Na kunyamaza nako hakumwachi mtoto bila mwalimu. Zamani mvulana akiingia jandoni aliambiwa mambo, msichana alikuwa na somo wake. Siku hizi anatahiriwa hospitali, anarudi na bandeji, neno hakuna; anayemfundisha ni simu. Halafu wapo wanaodhani tohara ndiyo kinga yenyewe. Inapunguza hatari ya mwanaume kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa takriban asilimia 60, haiimalizi, na haizuii gono wala kaswende isimpate.

Kwa hiyo kaa naye wewe, si mkeo, tena msiwe mmetazamana kama mahakamani. Mwambie msimamo wa nyumba: asubiri. Dini inasema hivyo, mimi nasema hivyo, na umri wake wa miaka 15 unasema hivyo. Ila usiishie hapo kama wahubiri wanavyoishia.

Mweleze kwamba ugonjwa si lazima uume. Kaswende huanza na kidonda kimoja kisichouma. Ndani ya wiki 3 hadi 6 kinakauka chenyewe bila dawa, mtu anadhani amepona, kumbe ugonjwa umehamia mwilini na baadaye unaweza kufika kwenye moyo na ubongo. Klamidia kwa wasichana wengi haionyeshi dalili yoyote, huku inaharibu mirija ya uzazi. Wanawake niliowaona wakitafuta mtoto miaka na miaka, wengine wakiambiwa wamerogwa, naamini baadhi yao waliambukizwa wakiwa na umri wa mjukuu wangu.

Sasa hizo kondomu. Chukua moja muishike wote wawili. Asome tarehe ya mwisho. Abonyeze pakiti asikie hewa ndani. Ikiwa bapa, imetoboka, atupe. Achane kwa vidole, asitumie meno. Ivaliwe uume ukishasimama na kabla haujagusa popote, abane ncha ili hewa itoke, na akimaliza aishike kwenye shina wakati wa kutoa. Kukaa kwenye begi linaloachwa juani, au mfuko wa nyuma wa suruali, kunaiharibu. Na mafuta ya aina yoyote, ya kupaka, ya nazi, hata mawese yetu, yanadhoofisha mpira ukapasuka. Hili la mafuta nimelirudia zahanati mpaka wenzangu wakanicheka. Umwambie pia kondomu haifuniki ngozi yote, kwa hiyo malengelenge ya sehemu za siri na virusi vya HPV, vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, vinaweza kupita pembeni.

Msichana akisema hapana ni hapana; akinyamaza, hajakubali. Na ajue kuwa kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, mwanaume kulala na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama msichana mwenyewe ameridhika. Wavulana wengi hawajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Likitokea la kutokea, na kuna shaka ya VVU, aje kwako au aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Tangu sheria irekebishwe 2019, mtu wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Mwambie mwenyewe. Afadhali alisikie kwako kuliko aone ni njia ya kukukwepa.

Dada yake ana miaka 11, naye umemsahau kwenye ujumbe wako. Huku mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, wavuvi wanabaki nchi kavu na hela zao, na mabinti wa shule tuliowatibu mara nyingi hawakuambukizwa na mvulana wa darasani. Huko Dodoma wavuvi si wengi, ila wa bodaboda na wenye maduka wapo. Mkeo azungumze naye. Na uliza shuleni kama amechanjwa chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi: tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kama bado, mpeleke kituo cha afya wiki hii.

Na kijana, kabla ya yote, mwulize kondomu kazipata wapi. Inawezekana kagawiwa, au anazibeba ili wenzake wamwone mkubwa. Msikilize mpaka amalize.

Wasalaam,
Mama yako