Wasomaji Wauliza, Mafundi Wajibu: Uzito Ukae Mabegani

*Mafundi, hamjambo. Wanafunzi wangu wanaandaa mchezo kuhusu wanawake wa Marekani waliopinga koseti katika miaka ya 1870. Mhusika mmoja anavua gauni jukwaani na kubaki na nguo za ndani, kwa hiyo fulana ya kisasa haitafaa. Nishone nini, na kwa kitambaa gani cha soko la Kadutu?*
Mwalimu wa sekondari, Ibanda, Bukavu

Mwalimu, hatujambo. Mshonee vazi la ukombozi, moja ya nguo za mageuzi dhidi ya koseti, la Susan Taylor Converse, mama wa Woburn, Massachusetts, aliyelisajili mwaka 1875. Wakati huo mwanamke alivaa shumizi na koseti, pamoja na suruali ya ndani na magagulo kadhaa, kila moja ya hizo na mshipi wake kiunoni. Koseti ilibana mbavu, na mishipi yote ilining'inia juu ya tumbo. Converse alitoa kizibao chenye marinda kifuani ili matiti yasibanwe, na vifungo nyongani vya kushikia sketi za ndani, ili uzito wote upande mabegani. Kiliuzwa kikiwa kimeungana na suruali au mbali nayo. Nyinyi chukueni cha vipande viwili: mwigizaji akibadilika, mnabadilisha kipande kimoja tu.

Kitambaa ni amerikani, yaani pamba ya kawaida, ile isiyopaushwa. Choma uzi mmoja kabla ya kulipa: ukiwaka kama karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba; ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, rudisha. Kwa mtu wa wastani, na kitambaa chenye upana wa sm 90, nunua mita 4: mita 2 za suruali, zilizobaki za kizibao na bitana yake. Ifue yote kwa maji ya moto kabla ya kukata. Amerikani mpya hurudi hata sm 5 kwa mita, na kizibao kilichorudi baada ya kushonwa kitabana kama ile koseti mnayoipinga.

Chora patroni ya blauzi ya kukaa mwilini, ishie sm 10 chini ya kiuno, ifunguke mbele. Ongeza sm 7 kifuani na sm 5 kiunoni. Bega liwe na upana wa sm 5 au zaidi. Bega jembamba litakata nyama maana ndilo linalobeba kila kitu. Upande wa mbele ugawe mara tatu: kipande cha bega, kipande cha kifua, kipande cha chini. Cha kifua kikate kwa upana mara moja na nusu, kivute marinda juu na chini, kisha kiunge. Bitana haina marinda, kwa hiyo iwekee penzi zake mbili (mikunjo ya kushonwa inayofuatisha umbo la mwili) kila upande. Wengi huikata bapa ili kuokoa muda, na hapo marinda yanabaki pambo tu: bitana ndiyo inayobana.

Sasa vifungo, ambavyo ndivyo kazi yenyewe. Weka safu mbili: ya kwanza kiunoni kwa ajili ya suruali, ya pili sm 3 chini yake kwa ajili ya gagulo. Zikiwa usawa mmoja, mishipi inarundikana na gauni linatokeza uvimbe. Safu moja iwe na vifungo 6, bapa, vya matundu manne, vyenye upana wa mm 15. Nyuma ya kila safu shonea utepe wa pamba, ndani ya bitana, la sivyo kifungo kitang'oka na kipande cha nguo. Tumia uzi maradufu uliopakwa nta ya mshumaa. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, shona juu yake mara sita, ichomoe, kisha uzungushie uzi chini ya kifungo upate shingo ya mm 3. Mshipi wa gagulo unahitaji nafasi hiyo ukae bila kujikunja. Matundu ya kwenye mishipi yawe ya wima: uzito unavuta chini, na kifungo kitapumzika juu ya tundu bila kulipanua.

Mishipi yenyewe iwe mikubwa kuliko kiuno kwa sm 4 au 5. Hapa ndipo karibu kila fundi anapoharibu, kwa sababu mkono umezoea kupima mshipi sawasawa na kiuno. Mvalishe mwigizaji kila kitu, kisha upitishe vidole viwili kati ya mshipi na mwili, kuzunguka pande zote. Visipopita, uzito umerudi kiunoni, na vazi si la mageuzi tena hata kama kwa macho linafanana.

Suruali ifike chini ya goti, pana, na kitambaa cha kutosha makalioni. Za wakati ule nyingi ziliachwa wazi kati ya miguu, maana kufungua nguo zote hizo chooni ni kazi. Kwa wanafunzi, zifunge.

*Kombinezoni ya kipande kimoja, yaani kizibao kilichoungana na suruali, inavuta kati ya miguu mara mvaaji anapoinua mikono. Nimepanua mapaja, bado.*
Fundi, Bagira

Ndugu fundi, mapaja hayana kosa. Urefu ndio haupo. Pitisha utepe wa kupimia kutoka begani mbele, kati ya miguu, hadi begani nyuma. Patroni iwe na kipimo hicho pamoja na sm 8, na nyingi kati ya hizo ziende nyuma, kwa kuwa mtu akiinama mgongo ndio unaorefuka. Kama nguo imekwisha kukatwa, ikate mlalo kiunoni uingize ukanda ambao upana wake wa mbele na wa nyuma ukijumlishwa ni sm 8, mpana zaidi nyuma, na uuongezee nafasi ya mishono. Mshono wake utafichwa na mshipi. Kipande cha umbo la almasi kati ya miguu kinasaidia kutembea, hakileti urefu wa kuinua mikono.

*Naweza kuweka vyuma vya plastiki kwenye kizibao ili kisimame vizuri?*
Msomaji wa kike, Panzi

Dada, hapana. Vizibao vya mageuzi vilisimama kwa kamba. Chukua kamba ya pamba ya mm 3, ichemshe irudi kwanza. Shona vijia kati ya tabaka mbili za kitambaa, ukitumia mguu wa mashine wa kushonea zipu ubane kamba karibu. Fanya hivyo *kabla* ya kukata patroni: kila kamba inakula upana kidogo, na ukipanga kamba kumi kwenye kipande kilichokwisha kukatwa utakuta kimepungua zaidi ya sm 1. Kamba sita mbele na nne nyuma zinatosha.

*Tunaweza kumvika magagulo mangapi?*
Mwalimu yuleyule

Rational Dress Society, chama cha mageuzi ya mavazi kilichoanzishwa London mwaka 1881, kilitaka nguo za ndani zote, bila viatu, zisizidi ratili 7, yaani karibu kilo 3.2. Chama ni cha nyuma kidogo ya mchezo wenu, lakini kipimo kinafaa. Zitie zote kwenye mfuko, zipimeni kwa mizani ya dukani. Magagulo mawili yanatosha kwa umbo. Likilegea pindo la gagulo la juu, litie wanga wa unga wa muhogo: vijiko 2 vya chakula kwa lita moja ya maji, upikwe mpaka ung'ae, uchujwe. Pasi ya makaa ipigwe pindo likiwa bado na unyevu. Kizibao kisitiwe wanga hata kidogo, kitachubua makwapa.

*Nasikia zamani walishona nguo hizi kwa sufu.*
Msomaji, Nyawera

Ndiyo, kwa wafuasi wa Gustav Jaeger, mtaalamu wa elimu ya wanyama wa Stuttgart, Ujerumani, aliyesisitiza sufu tupu ngozini. Bidhaa za jina lake ziliuzwa London kuanzia miaka ya 1880. Kwa jukwaa lenye taa kali, tafuta fulana ndefu ya pamba ya kufuma kwenye chaguwa (mitumba), rangi ya maziwa, uifungue mbele na kuweka ukanda wa vifungo. Ukanda huo uutegemeze kwa amerikani, maana kitambaa cha kufuma kinatanuka na matundu yatageuka midomo.