Nikeli juu ya silikoni: kwa nini ukinzani umepanda

Mdogo wangu wa Mlimani, nimekuelewa: uliweka nikeli ya nanomita 50 juu ya silikoni, ukaichoma kwa nyuzi 800 kwenye tanuri lenye hewa ya kawaida, na ukinzani wa umeme ukapanda badala ya kushuka.

Joto limezidi. Nikeli (Ni) na silikoni (Si) huungana kwa hatua: kwenye nyuzi 250 hivi hutokea Ni₂Si. Kati ya 350 na 700 ndipo unapata NiSi, ile unayoitaka, inayopitisha umeme vizuri. Ukivuka 750 inageuka NiSi₂, yenye ukinzani mkubwa zaidi, na utando mwembamba huachana vipande vipande. Rudia kwa 450 au 500, ndani ya naitrojeni safi au ombwe. Hewa ya kawaida inaoksidisha nikeli yako bure. Kumbuka pia nanomita 50 za nikeli hula kama 90 za silikoni.

Halafu kuna oksaidi. Silikoni ikikaa nje huota ngozi ya oksaidi ya nanomita 1 hadi 2, inayoizuia nikeli isiungane nayo. Titani huweza kuivunja, nikeli haiwezi, ndiyo maana wengi huiondoa kwa asidi ya hidrofloriki iliyozimuliwa.

Hapo nakusihi sana: asidi hiyo usiiguse ukiwa peke yako. Maumivu yake yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa huku ikiharibu kalisiamu mwilini na kuhatarisha moyo. Mtafute fundi sanifu wa maabara aliyefunzwa, tumieni vyombo vya plastiki, na jeli ya kalisiamu glukoneti iwe mezani. Ikikurukia, osha kwa maji mengi, paka jeli, kimbilia hospitali hata kama huumwi.