Mwambie Kabla Hujagusa Hizo Pesa

Mwanangu,

Umeniandikia kwamba kampuni ilikupunguza kazi mwezi wa tatu, baada ya miaka 9 ya uhasibu. Mpaka leo unavaa nguo za ofisini, unapanda matatu hadi mjini na kukaa bustani ya Jeevanjee mpaka jioni, mumeo asijue. Sasa dada yako, ambaye huuza mitumba soko la Gikomba, anakuhimiza uingize malipo yako yote ya kupunguzwa kazi huko kabla siri haijatoka. Unaniuliza kama ni busara.

Kuna jambo ulilitaja kwa kupita tu. Kwamba juzi mumeo alikuongezea kipande cha nyama kwenye chakula chako cha mchana, akisema siku hizi unaonekana umechoka. Nimelisoma hilo mara tatu. Ameshaona, mwanangu. Hajui ni nini, lakini ameona, na wewe ukaila ile nyama peke yako kwenye benchi huku ukilia. Kuigiza kazi kunachosha kuliko kazi yenyewe.

Nilipofiwa na mume wangu niligawa vitu vyake vyote ndani ya wiki tatu, nikidhani nitapumua. Hadi leo macho yangu huitafuta redio yake pale kabatini. Kwa hiyo naiogopa haraka yako.

Hakikisha kwanza umelipwa sawa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka anayepunguzwa kazi alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha; kwako ni siku 135, mbali na notisi ya mwezi mmoja na likizo ambazo hukuchukua. Kama ni pungufu, nenda ofisi ya leba. Tenga kodi ya nyumba na karo ya muhula ujao. Zinazobaki zitulie.

Gikomba nenda, ila mikono mitupu. Msaidie dada yako mwezi mzima: marobota yakifunguliwa alfajiri uwepo, ujue kamera, zile nguo bora, ni ipi na fagia, yale mabaki, ni ipi, na uandike kila shilingi inayoingia na kutoka. Hesabu ndiyo kazi yako. Huenda ukakuta wenye vibanda wanahitaji zaidi mtu wa kuwawekea vitabu vya hesabu kuliko muuzaji mwingine.

Lakini hayo ni ya baadaye. Leo, watoto wakishalala, kabla mumeo hajakupakulia cha kesho, mwambie asifungashe. Atakuuliza kwa nini.

Niandikie alivyosema.