Jibu la Msomaji: Ua la Mwambani Halitaki Kushibishwa Maji

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza ni ua gani litambaalo ambalo msomaji angelipanda katika bustani ya mawe na pia katika kikapu cha kuning'inia. Jibu langu ni ua la Usambara, na hasa aina yake itambaayo ambayo wataalamu huiita grotei.

Wengi hulijua ua hili likiwa katika chungu cha dirishani, majani yake yamejipanga duara kama sahani, na huenda hudhani limetoka Ulaya. Ukweli ni kwamba ni la Tanga. Mnamo 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya hiyo, alilipeleka kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la Saintpaulia. Grotei ni ya Usambara Mashariki. Shina lake hulala juu ya jiwe lenye kuvumwani, likitoa mizizi kila linapogusa unyevu, na majani yake ya duara yenye vinyweleo husimama juu ya vikonyo virefu vya rangi ya kahawia.

Nayaeleza hayo kwa sababu malezi yake yote yamo humo. Mmea uliozoea kuishi kwenye ufa wa mwamba, penye kiganja kimoja tu cha mboji na kivuli cha miti mikubwa, hauwezi kupewa udongo mzito wa shambani na ndoo ya maji kila asubuhi ukafurahi. Mimi nilifanya hivyo hapa Arusha, tena kwa maji ya bomba ya alfajiri yaliyokuwa baridi kama barafu, nikiyamwaga juu ya majani. Baada ya siku chache yalitokea madoa meupe ya mviringo, kisha kitovu cha mmea kikaoza, nami nikailaumu mbolea, kumbe kosa lilikuwa la maji.

Kikapu changu cha sasa ni cha waya, nimekitandika makumbi ya nazi ndani, kisha nikajaza mboji ya majani iliyochanganywa na mchanga na vipande vidogo vya mkaa. Maji huyaacha ndani ya nyumba mpaka yapoteze ubaridi, ndipo nikayatia pembeni mwa shina, na hapo tena ni pale tu udongo wa juu unapokuwa umekauka. Kwenye mawe sharti ni lile lile, ila muupachike upande usiopigwa na jua la mchana. Mwenye bustani ya mawe iliyo juani kutwa asiulazimishe. Apande potulaka, ua jingine litambaalo, ambalo jua kali ndilo linalolifumbua.

Jambo moja nawaomba wasomaji: msiende kung'oa mmea huu msituni, kwani makazi yake yamebaki machache na unatishiwa kutoweka. Jani moja lenye kikonyo, likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, hutoa miche kadhaa baada ya miezi miwili au mitatu. Langu nilipewa na jirani, limefungwa katika kipande cha gazeti kilicholoweshwa; leo mashina yamevuka ukingo wa kikapu na kushuka karibu shibiri nzima, na maua ya zambarau hafifu yenye chavua ya njano yanachungulia katikati ya waya.