Hadithi haikukatizwa kwenye toleo la tatu

Ndugu uliyeuliza kama hadithi ya katuni Spider-Man/Black Cat: The Evil That Men Do iliachwa njiani, jibu ni kwamba ilikamilika. Kevin Smith, mwongozaji wa filamu aliyejipatia jina kwa Clerks ya mwaka 1994, aliwaandikia Marvel, wachapishaji wa katuni, matoleo sita yaliyochorwa na Terry Dodson. Matatu ya kwanza yalitoka mwaka 2002, kisha wasomaji wakasubiri hadi mwishoni mwa 2005 ndipo mengine yakaanza kutoka, na hadithi ikafungwa mwaka 2006.

Pengo hilo linaonekana waziwazi ukiyasoma kwa mkupuo mmoja. Mwanzoni Felicia Hardy (ndiye Black Cat) anamtafuta rafiki yake aliyepotea huku Peter Parker (ndiye Spider-Man) akichunguza kifo cha mwanafunzi aliyeuawa na heroini, na wawili hao wanataniana muda wote, jambo ambalo Smith (mtu wa maneno mengi hata kwenye filamu zake) analimudu kuliko mapigano. Nusu ya pili inageukia ukatili wa kingono, kwa uzito ambao, kwa maoni yangu, utani ule wa awali haukuuandalia njia. Kama unayo matatu ya mwanzo pekee, tafuta kitabu kilichokusanya yote sita.