Jangili siku zote ni wa kambi ya jirani

Tangu niandike kuhusu mitego ya nyaya ya majangili upande wa Ugalla, mkoani Tabora, maswali hayajakoma. Nimechagua machache. Waliouliza tena bei ya leseni ya kuwinda waende ofisi ya wanyamapori, mimi si karani.

Shikamoo mzee. Ninyi wenye leseni mnatuita majangili sisi wa vijijini, wakati kila mtu anajua mnavyozidisha idadi ya wanyama mliyoruhusiwa. Kwa nini hamsemani? (Msomaji, Sikonge)

Marahaba. Hapo umenipata.

Nimewinda kwa leseni zaidi ya miaka ishirini, na sijawahi kukaa kambi ambayo jangili yumo. Siku zote yuko kwa jirani. Mwenye raifo anamtaja mwenye gobole, mwenye gobole anamtaja mfugaji, mfugaji anamtaja mrina asali, na mrina asali anakuonyesha kwa kidole alama za matairi ya Land Cruiser. Wote wanne ukiwakalisha kwenye moto mmoja wataelewana kwamba majangili ni watu wa Ulyankulu, makazi ya waliotoka Burundi.

Mwaka mmoja nilikwenda na mwenzangu ana leseni ya tohe mmoja, aina ya swala. Desturi ni kwamba kalamu inatoka mfukoni kabla ya kisu: unaandika mnyama uliyemwangusha, saa na mahali, ndipo unachuna. Yeye kalamu haikutoka. Akaangusha wa pili, akaangusha wa tatu. Nikamuuliza. "Wale wa kwanza walikuwa wadogo," akasema. Wawili wakalazwa chini ya magunia ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tuliyokuwa tumenunua njiani.

Wakati wa kurudi tukakuta kitanzi kwenye njia ya wanyama, waya wa breki ya baiskeli umefungwa kwenye mti mchanga, gome limelika pale mnyama alipovutana nao akakata akaondoka nao. Mwenzangu alishuka, akaukunjakunja kwa hasira, akatuhutubia robo saa nzima jinsi majangili wanavyotumalizia wanyama. Hakuna aliyecheka. Hata mimi nilitikisa kichwa kukubali, na ile nyama iliyofichwa chini ya michembe nilikula sehemu yangu. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini hatusemani, ndiyo hivyo.

Mzee, ni kweli majangili wengi wa huku ni wakimbizi? (Msomaji, Kaliua)

Unawaita wakimbizi nani? Watu wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikuja 1972 wakikimbia mauaji Burundi. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia. Aliyezaliwa pale mwaka ule wa kwanza leo ana wajukuu, na ni Mtanzania kama wewe. Wamo majangili kati yao? Wamo, kama walivyomo Wanyamwezi, Waha na Wasukuma. Ukimjua mmoja, mtaje huyo mmoja.

Lawama za jumla tumeshaziona zinakofika. Operesheni Tokomeza ilianza Oktoba 2013 kuwasaka majangili. Haikupita muda ikasimamishwa, maana wananchi walipigwa, wengine wakafa, na mifugo ikapigwa risasi. Desemba mwaka uleule mawaziri wanne walipoteza viti vyao.

Je, uboho wa twiga unatibu UKIMWI? (Bila jina)

Hapana. Na twiga hana leseni kwa bei yoyote.

Mimi ni mama wa familia. Mnadani kuna mtu anauza nyama kavu ya porini, rahisi kuliko ng'ombe. Nikinunua kilo moja tu, kosa ni langu au lake? (Msomaji, Urambo)

Lenu wote, mama. Nyama ni nyara ya serikali sawasawa na pembe au ngozi. Tangu 2020 zipo kanuni za mabucha ya nyamapori: nyama halali inauzwa kwenye bucha lenye leseni, na unaondoka na risiti. Huyo wa mnadani ukimwomba risiti atakuomba na wewe uondoke.

Hukuuliza, lakini nitasema. Nyama kavu haina kichwa wala kwato, hujui mnyama alikufaje. Anaweza kuwa alikutwa amekufa kwa kimeta. Wapo pia wanaotega kwa sumu, wanaweka kwenye maji au kwenye maboga. Kama umeona tumbusi wamelala chini karibu na mzoga, usiguse chochote hapo.

Mtu aliyeua ngiri alishe watoto na mtu aliyeua tembo auze pembe, mbona mnawaweka kapu moja? (Msomaji, Kibondo)

Mimi siwaweki. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inaangalia thamani ya nyara, na ikivuka kiwango kilichowekwa unazungumzia miaka 20 hadi 30 jela. Thamani hiyo inapangwa na ofisa kwa dola, haipangwi kwa njaa yako. Ndiyo maana magereza yamejaa watu wa miguu.

Lakini tembo wetu, waliohesabiwa kama 109,000 mwaka 2009 na kubaki 43,000 hivi mwaka 2014, hawakumalizwa na gobole la bomba la usukani lililoshindiliwa vipande vya nondo. Pembe inahitaji bunduki ya vita, gari, ghala, mtu wa bandarini na mwenye fedha. Yang Fenglan, mfanyabiashara Mchina aliyehukumiwa miaka 15 pale mahakama ya Kisutu Februari 2019 kwa magendo ya pembe za ndovu, alikuwa na mgahawa Dar es Salaam. Wale wa porini wanajua jina la aliyewapa risasi. Huulizwa mara chache.

Hilo halimsafishi mtega nyaya. Mtego hauchagui: unanasa jike mwenye mimba, unanasa simba, na mwenyewe akisahau alikoufunga nyama inaoza bila kuliwa na mtoto yeyote.

Baba yetu aliwinda Ugalla miaka yote. Tunaombaje leseni ya kuwinda hapo? (Msomaji, Tabora mjini)

Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019. Hakuna leseni. Swali hili nimelijibu mara nyingi kuliko nilivyolala porini.

Mzee, nielekeze fundi mzuri wa magobole upande wa Kaliua. Nipigie kwenye namba hii. (Msomaji)

Kijana, umeniandikia namba yako, jina la kijiji na jina la baba. Namba nimeifuta. Baba yako namfahamu.